Pedi Nane Kuukuu

Gari huwa na pedi nne za breki mbele, mbili kwa kila gurudumu. Asubuhi hiyo ya Ijumaa mezani kwa Inspekta Nalianya kulikuwa na nane, zote zimelika, na zote zimetoka katika gari moja. Alizipanga safu mbili, akazipangua, akazipanga tena. Hesabu ilimkataa kila mara.

Nne za kwanza zilipatikana kwenye buti, zimefungwa kwa gazeti na kukazwa uzi. Nne za pili mkaguzi wa magari alizifungua katika magurudumu yenyewe, baada ya gari la Ubaid Shamis kuvutwa kutoka chini ya lori siku ya Jumanne, pale mzunguko wa Jogoo Road. Ubaid, mwenye duka huko Kaloleni, alizikwa jioni ile ile. Ripoti ya mkaguzi haikuwa na maneno mengi. Pedi za kulia zimekwisha hadi bati lao la mgongoni, pistoni imetoka nje kupita kiasi, mafuta ya breki yamevuja, dereva amekanyaga hewa.

"Afande, unazichezea kama kete za bao," alisema Konstebo Nthoki, akiwa ameegemea mlango na daftari lake kwapani.

"Hebu niache nifikiri."

"Si ukae basi ufikirie. Tangu saa moja uko tu juu ya miguu."

Kweli hakuwa amekaa. Alikuwa amekwenda dirishani mara sita, na mara mbili alikunywa chai ya mtu mwingine bila kujua. Saa nane mchana Mzee Kyule angesimamishwa kortini kwa kuua bila kukusudia, na mkuu wa kituo alikwisha tia sahihi. Kwa mkuu kesi ilikuwa imeiva zamani. Kyule, fundi mstaafu wa reli, alimwekea Ubaid pedi mpya nje ya nyumba siku ya Jumamosi. Jumapili mchana mke wa Ubaid alimwona fundi chini ya gari lile lile. Jumanne pedi mpya hazimo na mtu amekufa. Basi Kyule alirudi kuziiba ili akauze, akabandika takataka mahali pake.

"Unataka nini zaidi, Nalianya?" mkuu alikuwa amemuuliza. "Wakuletee picha?"

Nalianya alinyanyua furushi la gazeti. Eastlands yote, mitaa ile ya mashariki ya Nairobi, ilijua desturi hii. Fundi mwenye heshima zake akikubadilishia kitu hukurudishia cha zamani mkononi, ukione, usije ukasema alikudanganya. Kyule alifanya hivyo. Alizifunga zile za zamani kwa gazeti, akaziweka kwenye buti mbele ya macho ya mwenye gari.

"Nthoki, wewe ni mwizi. Unataka kutoa pedi mpya, urudishe za zamani gari lionekane zima. Za zamani unazitoa wapi?"

"Kwa buti. Si ndiko niliziweka mwenyewe."

"Hapo ndipo. Huyu hakufungua buti. Alikuja na zake. Aliyeweka hizi nne hakujua kwamba nyingine zimo garini, na Kyule alijua."

Nthoki alijikuna kisogo. "Mkuu atasema mzee alifanya hivyo makusudi atuchanganye."

"Mkuu aseme. Mtoe mzee seli, na uchukue sanduku lake la vyombo. Tunaenda Kaloleni."

Landrova ya kituo ilikuwa imekaa juu ya mawe tangu Agosti, kwa hiyo walikwenda na gari la Inspekta mwenyewe, Toyota DX ya rangi ya maziwa. Hilo lilimfaa, maana la marehemu lilikuwa aina hiyo hiyo, na Nalianya alikuwa na jaribio kichwani. Kyule aliketi nyuma na pingu zake, magoti yamebanwa. Alikuwa mzee wa miaka sitini na saba, mwembamba, na siku tatu za seli zilikuwa zimemtoa rangi.

Nalianya aliendesha kama alivyoishi, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Kwa wiki tatu breki zake zilikuwa zikilia hadi Roseline, mkewe, akaona haya kushushwa kanisani. Jumapili iliyopita shemeji yake alizishughulikia, na sasa alisimama ghafla nyuma ya mkokoteni wa viazi bila hata mlio.

"Nimeshasema, na nitasema hata kwa hakimu," Kyule alisema kutoka nyuma. "Pedi zangu zina vitone vitatu. Nyapara wetu wa karakana alitufundisha, ukifunga chuma piga alama yako kwa tindo, ajali ikitokea ujulikane. Mimi nilifanya reli miaka thelathini na moja. Mkipata vitone vitatu, mmepata pedi za Ubaid."

"Nairobi hii nitafungua magurudumu mangapi, mzee?"

"Hiyo ni kazi yako, Afande. Yangu nilimaliza Jumamosi."

*

Nyumba ya Ubaid ilikuwa hatua hamsini kutoka ukumbi wa kijamii, katika safu ya nyumba za mawe ambazo halmashauri ilikuwa imesahau kuzipaka rangi. Muhiba, mjane, alikuwa katika eda na hakutokea mbele ya wanaume wa kando. Aliongea kutoka nyuma ya pazia la chumbani. Sundus, dada wa marehemu, alikaa kwenye mkeka mbele ya pazia hilo na kumtazama Nalianya kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Pole kwa msiba, mama."

"Tumeshapoa, baba."

"Uliandikisha kwamba Jumapili ulimwona Mzee Kyule chini ya gari."

"Niliandikisha nimemwona fundi. Aliyeandika Kyule ni askari wenu."

Nthoki alifungua daftari. Nalianya aliacha kutembeatembea.

"Sura yake uliiona?"

"Niliona miguu na ovaroli ya buluu. Ubaid alikuwa msikitini, imeadhiniwa adhuhuri. Ningetoka nje nikamchungulie mwanamume uso? Nilijua ni mzee wa jana anamalizia kazi. Nikamwekea chai na mahamri barazani, nikamwambia, 'Fundi, chai yako hiyo.' Akaitikia huko chini, 'Asante, mama.'"

"Sauti ilikuwa ya Kyule?"

"Ukumbini kulikuwa na harusi, tarumbeta zimepamba moto. Siwezi kuapa."

"Alikaa muda gani?"

"Hata saa moja haikufika. Ubaid kurudi, kikombe kitupu na fundi ameshakwenda. Nikamwambia, fundi wako alikuja. Akafurahi sana. Akasema, mzee yule ana moyo, amerudi kuangalia kazi yake bila kuitwa."

Sundus alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hapakuwa na kitu kingine?"

"Palikuwa na gari ubavuni mwa letu. Aina ile ile, rangi ya maziwa. Nilidhani la wageni wa harusi. Kama hilo mlilokuja nalo."

"Magari hayo ni mengi sana mjini, mama."

"Sikusema ni machache." Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini ilikuwa na ncha. "Sikiliza, Bwana Inspekta. Kama ni Kyule, afungwe. Kama si yeye, usiniache nikamdhulumu mzee wa watu kwa miguu niliyoiona dirishani. Nina miezi minne na siku kumi za kukaa humu ndani. Nitakaa nalo hilo peke yangu."

*

Jaribio la Nalianya lilikuwa rahisi. Mtu wa Jumapili alibadilisha pedi za magurudumu mawili katika muda usiofika saa moja. Je, Kyule, na umri wake, na goti lile alilosema lilimlaza kitandani Jumapili kutwa, angeweza? Kama hangeweza, mwendesha mashtaka angepaswa kufikiri upya.

Walimfungua pingu. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale lilipokuwa likikaa la Ubaid, na majirani walianza kujitokeza milangoni kama wanaoanua nguo. Nalianya alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Anza, mzee. Fanya kama ulivyomfanyia Ubaid."

Kyule hakuanza. Alizunguka gari kwanza, akatafuta mawe mawili na kuyabana nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kisha akalegeza nati za gurudumu la mbele kulia, moja moja, kwa mshazari.

"Mbona hujapiga jeki?"

"Nati hulegezwa gurudumu likiwa chini, Afande. Ukiinua kwanza, gurudumu linazunguka nawe kama mlevi. Haraka haraka haina baraka."

Alipiga jeki, akavua gurudumu, akalisukuma chini ya ubavu wa gari. "Hili linakaa hapa. Jeki ikiteleza, gari litaangukia gurudumu, halitaniangukia mimi." Goti lake lilitoa mlio alipopiga magoti, naye akavuta pumzi kwa meno. Nalianya aliandika dakika: kumi na moja. Alitembea hadi kwenye buti, akarudi, akatembea tena.

Sasa diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ilionekana, na juu yake kalipa, kile chuma kinachozibana pedi mbili pande zote. Kyule alifungua bolti ya chini, akaipandisha kalipa na kuifunga kwa kipande cha waya.

"Waya wa nini?"

"Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Mpira ukichanika kwa ndani huoni mpaka siku ya kufa. Halafu pistoni, ile inayosukuma pedi, nairudisha ndani polepole kwa pedi ya zamani, maana pedi mpya ni nene. Na ukimaliza yote, kabla gari halijasogea hata futi moja, unakanyaga breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Wengi husahau hapo." Alikuwa amechangamka. Kwa muda ule alikuwa fundi tu, na rangi ilikuwa imeanza kumrudia. "Gari lako limetunzwa, Afande. Pedi ni mpya kabisa."

Aliichomoa ya nje, akaipangusa kwenye suruali, akaigeuza.

Akaacha kuongea.

Kisha akairudisha pedi mahali pake, taratibu, akaweka spana chini na kujipangusa mikono.

"Siwezi, Afande. Goti limekataa. Nipelekeni tu kortini."

"Ni dakika ishirini na mbili tu. Ulikuwa unaenda vizuri."

"Limekataa."

Nalianya alichuchumaa mbele yake. "Mzee, tangu tutoke kituoni umenifundisha hata nisichouliza. Sasa umenyamaza. Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Umeona nini?"

Kyule alimtazama Nthoki, akazitazama pingu zilizoning'inia mkandani mwake, kisha akatazama chini. "Gari hili ni la Serikali?"

"Ni langu."

"Basi sijaona kitu," mzee alisema. "Nina mke mgonjwa na wajukuu, Afande. Kortini nitapata miaka. Lakini mtu akiona kitu kwa gari la polisi, hiyo miaka hata hapewi."

Nalianya aliingiza mkono na kuichomoa pedi mwenyewe. Ilikuwa bado na joto la barabara. Nyuma ya bati, karibu na ukingo, kulikuwa na vitone vitatu, vimepangwa mstari mmoja.

Alichomoa ya ndani. Nayo ilikuwa navyo.

Jumapili asubuhi alimpa Mulama, kaka yake Roseline, ufunguo wa gari na pesa za pedi mpya. Mulama alifanya kibarua cha ufundi katika gereji moja huko Industrial Area, na alikuwa na ovaroli ya buluu aliyoivaa hata siku asizokwenda kazini. Alirudi saa tisa na gari lisilolia tena. Angekuwa fundi mwingine yeyote, Nalianya angemuuliza, "Za zamani ziko wapi?" na angetaka kuziona. Lakini ndugu wa mkeo hadaiwi ushahidi. Kumwomba Mulama vile vyuma kungekuwa kumwita mwizi mbele ya dada yake, na Roseline angenuna mwezi mzima. Kwa hiyo alimshukuru, akamwambia akae ale chapati. Siku nne nzima alikuwa amelaza watu sakafuni akiwauliza maswali, na huyu mmoja hakumuuliza hata moja.

"Nthoki, lete zile nne. Za ajalini."

Nthoki alileta mfuko wa vielelezo. Nalianya alichukua ile pedi ya kulia iliyokwisha zaidi, bati lake limesuguliwa mpaka likang'aa. Pedi na diski vikisagana miezi mingi hukwaruzana, na kila mkwaruzo wa diski huacha tuta lake kwenye pedi. Diski ya gari lake ilikuwa na mikwaruzo miwili mipana ukingoni na mmoja mwembamba katikati. Aliibandika pedi juu yake. Iliteleza kidogo, ikakaa. Hata unywele haungepita.

"Hizo zilizaliwa hapa," Kyule alisema kwa sauti ndogo.

Kila kitu kilieleweka, na Nalianya alitamani kisingeeleweka. Mulama alikula pesa. Alijua Kaloleni kuna gari kama la shemeji yake lenye pedi mpya. Labda alipita Jumamosi akamwona mzee akizifunga. Akaegesha magari mawili ubavu kwa ubavu mchana kweupe, harusi ikipigwa, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mtu aliyelala chini ya gari Jumapili huko Eastlands ni jambo la kawaida kuliko kanisa. Bila shaka hakudhani anaua mtu. Pengine alijiambia kwamba mwenye duka huendesha hadi sokoni na kurudi, kwamba zitamfikisha mwisho wa mwezi. Kikulacho ki nguoni mwako, na Nalianya alikuwa akiivaa nguo hiyo kila siku.

"Afande." Nthoki alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika. Aliongea polepole, bila kumtazama. "Tuko watatu tu hapa. Majirani wameona gurudumu tu. Ukisema turudishe, mimi narudisha, na jioni sikumbuki kitu. Lakini nitajua."

Mzee Kyule alifumba macho.

Aibu ilimpanda Nalianya hadi masikioni. Alimwona Roseline mlangoni. Alimwona mama mkwe, ambaye Mulama alikuwa kitinda mimba wake. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alitazama saa, akaenda hadi kwenye ua wa Ubaid, akarudi.

"Andika," alisema. "Saa tano na dakika kumi na mbili. Gari nambari KTR 642, mali ya Inspekta Nalianya. Pedi mbili za mbele kulia, alama tatu nyuma ya bati. Zimefunguliwa na mshukiwa mwenyewe, mbele yako. Mzee, fungua na za kushoto."

"Ukizitoa zote hutaweza kuliendesha, Afande."

"Litabaki juu ya mawe. Fungua."

Kyule alifungua. Safari hii hakueleza chochote, na Nthoki alimshikia spana. Za kushoto nazo zilikuwa na vitone vitatu vitatu. Nthoki alizitia kwenye mfuko mwingine, akafunga, akamletea Nalianya karatasi atie sahihi mahali pa shahidi.

"Mulama yuko gerejini saa hizi," Nalianya alisema. "Nenda pale dukani uombe simu. Mwambie mkuu atume watu wawili wakamchukue, na amwambie mwendesha mashtaka asimfikishe mzee mbele ya hakimu kabla hajanisikiliza. Mkuu akipiga kelele, mwambie gari ni langu."

"Na Roseline je?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Nthoki aliondoka mbio. Kyule alibaki ameketi juu ya gurudumu, mikono myeusi imelegea mapajani, akilia bila sauti kama watu wazima wanavyolia wakiwa wamechoka. Nalianya alimwekea mkono begani, akauondoa.

*

Sundus alimfungulia mlango kabla hajabisha. Pazia lilikuwa vile vile.

"Mama, si Kyule."

"Alhamdulillahi." Pumzi ndefu ilitoka nyuma ya kitambaa. "Ni nani?"

"Ni ndugu wa mke wangu. Lile gari ulilodhani la harusi ni hili langu. Zile pedi alizonunua mume wako zilikuwa ndani yake, tumezitoa sasa hivi. Zilizokuwa kwake ni zangu, zilizokwisha." Aliendelea kama anavyosoma ripoti. "Tangu Jumapili, mama, nimekuwa nikisimama kwa breki za mume wako."

Sundus aliinuka kwenye mkeka. Alifungua kinywa, na mkono mmoja ukatoka chini ya pazia na kumshika pindo la nguo, akakaa tena.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?" Muhiba aliuliza.

"Niliwapeleka watoto wangu shule."

"Kwa gari hilo?"

"Kwa gari hilo."

"Walifika?"

Nalianya alivua kofia. "Walifika."

Nje, Mzee Kyule alikuwa akikusanya vyombo vyake, chuma kimoja kimoja, ndani ya sanduku.

"Basi kayaseme hayo kortini," Muhiba alisema. "Yote, na hilo la watoto kufika. Mimi siruhusiwi kutoka."